Ujiji, Karema au Liuli: uende kijiji gani cha kale kando ya ziwa?

Ukiuliza mahali pa kwenda kuona historia Tanzania, utaelekezwa Bagamoyo, Kilwa au Mji Mkongwe. Yote ni pwani. Lakini njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo ilikuwa na mwisho wake, kilomita zipatazo 1,200 bara, na mwisho huo ulikuwa ufukwe wa ziwa. Huko Ziwa Tanganyika, na kule kusini Ziwa Nyasa, viko vijiji vilivyobeba mambo makubwa ya karne ya 19 na ya 20 ambavyo leo hupati foleni ya watalii wala muuza vinyago.

Nimechagua vitatu vya kulinganisha: Ujiji mkoani Kigoma, Karema mkoani Katavi, na Liuli mkoani Ruvuma. Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukiujua. Mwenye siku mbili aende Ujiji. Anayetaka maji na utulivu kwanza, historia baadaye, aende Liuli. Mwenye wiki nzima na moyo wa kuvumilia barabara aende Karema, na nikilazimishwa kutaja kimoja tu, nataja hicho cha mwisho. Sababu yangu haina uhusiano na uzuri wa mandhari, kwa kuwa maziwa yote mawili ni mazuri kupita maelezo. Naangalia jambo moja: kijiji kinamkumbuka nani? Aliyepita, au aliyebaki?

Ujiji: jina kubwa, siku moja inatosha

Ujiji umejulikana duniani kwa tukio la dakika chache. Novemba 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, aliingia na msafara wake akamkuta David Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Kiingereza aliyekuwa amerudi kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, akiwa mgonjwa na hana kitu, kwa kuwa mali aliyoiacha Ujiji ilikuwa imeuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Maneno ya salamu yaliyosambaa dunia nzima tunayajua kwa kauli ya Stanley mwenyewe, na ukurasa wa siku hiyo katika shajara yake ulichanwa. Kabla ya Krismasi kuisha wakawa wameshaenda kaskazini kwa mtumbwi hadi mdomo wa mto Rusizi, wakathibitisha kwamba mto unaingia ziwani na hautoki, wakarudi, na mwishoni mwa Desemba wakaondoka pamoja kuelekea Tabora.

Mahali pa mkutano pana mnara, makumbusho madogo na miembe inayosemekana kuwa ni uzao wa mwembe wa siku ile, ambao wenyewe ulikufa zamani. Mgeni wa kawaida hupiga picha, husikiliza maelezo, hulipa kiingilio, hupanda bajaji na kurudi Kigoma mjini. Saa moja na nusu, imekwisha.

Hapo ndipo ninaposikitika kwa niaba ya Ujiji. Livingstone, ukijumlisha safari zake zote za hapo, hakukaa zaidi ya miezi michache. Ujiji wenyewe ulikuwa mji kabla yake. Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza, walifika Februari 1858 wakakuta soko, wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili, mashua zinazovuka kwenda ng'ambo ya Kongo, pembe za ndovu na, kwa uchungu, watu waliofungwa minyororo. Wamanyema, ambao wengi wao wazee wao waliletwa au walikuja kutoka ng'ambo, wamejenga hapa utamaduni wa Kiislamu na Kiswahili ulioenea hadi Tabora na Dar es Salaam. Historia hiyo haimo kwenye mnara. Imo kwenye vichochoro vyenye miembe mikubwa, kwenye misikiti, na kwa mafundi wanaochonga na kuunga mbao za mashua ufukweni. Ukienda Ujiji, tafuta hayo. Nenda makumbusho asubuhi, halafu teremka ufukweni kwa miguu uwaangalie mafundi wa mashua, na usiondoke kabla ya saa kumi jioni wavuvi wanapoandaa taa za usiku.

Neno nililotumia, kuteremka, lina maana yake. Unapokuwa kwenye mnara, ziwa halipo miguuni pako kama unavyotarajia, limerudi nyuma. Miaka ya 1870 maji ya Ziwa Tanganyika yalikuwa juu mno, kisha mnamo 1878 yakavunja kizuizi kwenye mto Lukuga upande wa Kongo na kuanza kumwagika. Ndani ya miaka kama kumi na tano kina kilishuka kwa takriban mita kumi. Pwani waliyoikanyaga akina Stanley leo ni makazi na bustani. Miaka ya karibuni ziwa limepanda tena na kufunika nyumba na magati pande zote, kwa hiyo wazee wa Ujiji wanaposema ziwa linakwenda na kurudi, wanasema walichokiona.

Kuhusu utulivu, niwe mkweli: Ujiji si kijiji tena. Ni sehemu ya Manispaa ya Kigoma Ujiji, na daladala zinapita kutwa. Anayetaka kimya cha kijijini hatakipata. Anayetaka uhai wa mji wa kale ambao bado unaishi, atafurahi.

Karema: walipoleta tembo kutoka Bombay

Teremka pwani hiyohiyo kuelekea kusini utafika Karema, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Agosti 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika iliyoundwa na Mfalme Leopold II, alifika Karema na kuanza kujenga ngome. Hiki kilikuwa kituo cha kwanza cha Leopold katika Afrika, kabla ya Kongo kuwa mali yake. Watu wengi wanaojua ukatili wa Kongo hawajui kwamba mguu wa kwanza uliwekwa upande wetu wa ziwa. Mwaka huohuo Jumuiya hiyo ilijaribu jambo la ajabu: tembo wanne wa Kihindi walishushwa Msasani, karibu na Dar es Salaam, watembee hadi Karema ili ionekane kama tembo wanaweza kubeba mizigo badala ya wapagazi. Tembo walikufa, na viongozi wa msafara, Carter na mwenzake Cadenhead, waliuawa mwaka 1880 walipokuwa wakirudi, katika vita vya watu wa mtemi Mirambo. Jaribio likazikwa nao.

Ngome ilijengwa karibu na maji. Lakini kumbuka Lukuga ilikuwa imeshafunguka mwaka mmoja nyuma. Cambier alijenga bandari wakati ziwa linaondoka, na kwa miaka michache maji yakaiacha ngome ikiwa imesimama nchi kavu. Ukiwa umetoka Ujiji, jambo hili litakugusa zaidi, maana ni ziwa lilelile, miaka ileile, kosa lilelile la kudhani ufukwe hausogei.

Mwaka 1885 Leopold, akiwa sasa na Kongo mkononi, alikabidhi Karema kwa Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadri Weupe. Ngome ikawa misheni. Karema ikawa makao ya askofu, na jimbo zima likaitwa Jimbo la Karema hadi 1969 lilipobadilishwa jina kuwa Sumbawanga. Hebu fikiria: kijiji ambacho leo dereva wa Mpanda anaweza kukuuliza unakwenda kufanya nini, kilikuwa kichwa cha kanisa la eneo kubwa la magharibi.

Na hapa ndipo aliyebaki. Adrian Atiman alizaliwa katika nchi za mto Niger miaka ya 1860, akatekwa utotoni, akavushwa jangwa la Sahara kama mtumwa, akakombolewa na Mapadri Weupe kule Algeria. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, alikuwa na mpango wa kuwasomesha vijana waliokombolewa wawe matabibu, na Atiman alisomea udaktari Malta. Mwaka 1889 alifika Karema. Hakuondoka tena. Alioa binti wa ukoo wa kitemi wa Wabende, mwanawe akawa padri, na yeye akatibu watu na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956. Miaka 67! Hospitali ya Dr. Atiman mjini Sumbawanga imebeba jina lake.

Weka watu hawa wawili kando kwa kando. Kule Ujiji, Mzungu aliyekuja kupinga utumwa, akapita, akajengewa mnara ambao dunia nzima inaujua. Karema, Mwafrika ambaye utumwa ulimpata yeye mwenyewe, akapona, akaja kuwaponya watu wa nchi nyingine kabisa, akazeeka nao. Sisemi Livingstone hakustahili. Nasema Mtanzania anayempeleka mwanawe Ujiji akamwonyesha mwembe, halafu asimwambie habari za Atiman, amempa nusu ya hadithi, na nusu aliyoiacha ndiyo yetu.

Kwa utulivu, Karema inashinda Ujiji bila ubishi. Ni kijiji cha wavuvi na wakulima, milima nyuma, ziwa mbele, usiku giza la kweli lenye taa za mitumbwi kwenye upeo wa macho. Serikali imejenga bandari mpya hapo kwa ajili ya biashara na Kongo, na malori yakizoea njia hiyo kijiji kitabadilika. Kama unakitaka kikiwa kimya, usikiahirishe miaka mingi.

Udhaifu wake ni kwamba hakuna aliyekuandalia chochote. Hakuna tiketi, hakuna mwongozaji aliyevaa sare. Majengo ya kale yako ndani ya eneo la misheni, kwa hiyo unapiga hodi parokiani, unajieleza, unasubiri. Msafiri anayekasirika akiambiwa "subiri kidogo padri anakuja" asiende Karema.

Liuli: jiwe la simba na risasi za kwanza ziwani

Liuli iko Ziwa Nyasa, wilaya ya Nyasa, kaskazini mwa Mbamba Bay. Wajerumani waliiita Sphinxhafen, bandari ya Sphinx, kwa sababu ya mwamba mkubwa unaotokeza kwenye maji wenye umbo la simba aliyelala akainua kichwa. Ukisimama ufukweni jioni jua likiwa linazama upande wa Malawi, hutahitaji kuelezwa jina lilitoka wapi.

Tarehe 13 Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kuu kuanza Ulaya, meli ya Waingereza Guendolen iliingia bandarini hapa na kuifyatulia mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani hakuwa na habari kwamba nchi zao ziko vitani, na nahodha wa Kiingereza, Rhoades, alikuwa rafiki yake. Mjerumani huyo alimwendea Rhoades kwa mtumbwi kumuuliza ana wazimu gani, akachukuliwa mateka. Hilo lilikuwa pambano la kwanza la vita ile katika Ziwa Nyasa, na lilitokea kwenye ghuba ambayo leo watoto wanajifunzia kuogelea.

Liuli nayo ina mtu aliyebaki. William Percival Johnson wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alifika Zanzibar mwaka 1876, akaenda Ziwa Nyasa, akaishi akizunguka vijiji vya ufukweni kwa meli na kwa miguu, macho yakiwa yamemharibikia, huku akitafsiri Biblia kwa Kinyanja. Alifariki mwaka 1928 na kaburi lake liko Liuli. Waanglikana wa pande zote za ziwa wanalitembelea kwa ibada. Basi ukilikuta lina watu wanaosali, kaa pembeni. Si kivutio cha kupigia picha za haraka.

Kihistoria Liuli ni nyembamba kuliko Karema, na sehemu kubwa huwezi kuiona kwa macho: meli haipo, mizinga haipo. Unabaki na mwamba, kaburi, kanisa na ghuba. Lakini kwa mtu aliyechoka, kati ya vitatu hivi, Liuli ndipo mwili unapopumzika. Mchanga, maji maangavu yenye samaki wadogo wa rangi wanaozunguka mawe, na hakuna anayekuharakisha.

Kufika: hapa ndipo uamuzi unapofanyika kweli

Ujiji ndiyo rahisi. Kigoma inafikika kwa ndege, kwa basi, na kwa treni ya Reli ya Kati ambayo Wajerumani waliifikisha ziwani mwaka 1914. Ukitaka kuhisi urefu wa njia ya misafara, panda treni. Utapita Tabora, mahali misafara ilipopumzikia, na utaelewa kwa nini mtu akifika ziwani alilia. Kutoka Kigoma mjini hadi Ujiji ni mwendo wa daladala.

Karema unaipitia Mpanda, ambako kuna ndege, mabasi, na tawi la reli linaloachana na njia ya Kigoma pale Kaliua. Kutoka Mpanda bado una zaidi ya kilomita mia moja kushuka ziwani. Kiangazi, yaani Juni hadi Oktoba, ni safari ya kuchosha tu. Masika inaweza kuwa safari ya kulala njiani. Zamani watu walipanga kufika vijiji hivi kwa MV Liemba, meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaja vipande vipande, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na Waingereza na kurudi kazini 1927. Usipange ratiba yako juu yake kabla ya kuuliza bandarini Kigoma. Maboti ya mbao yanakwenda vijijini, lakini hujaza watu na mizigo, na Tanganyika likichafuka si la mchezo. Kama huna uhakika wa jaketi la kuokoa maisha, panda gari.

Liuli unafika kupitia Songea na Mbinga. Lami sasa inafika Mbamba Bay, na mteremko kutoka milima ya Umatengo kuja ziwani ni miongoni mwa barabara nzuri kutazama nchini. Keti upande wa dirisha. Kutoka Mbamba Bay unaunganisha gari hadi Liuli. Unaweza pia kuja kwa maji kutoka Kyela kwa MV Mbeya II, ratiba ikiruhusu. Ukipita Songea, tenga nusu siku kwa Makumbusho ya Maji Maji, mahali waliponyongewa mashujaa wa Wangoni Februari 1906. Nyongeza hiyo inaipa safari ya Liuli uzito ambao kijiji peke yake hakina.

Kwa pesa, kanuni ni moja: toa za kutosha Kigoma, Mpanda au Songea. Mawakala wa simu wapo vijijini, ila salio lao huisha. Malazi Ujiji ni rahisi kwa kuwa Kigoma ipo. Karema na Liuli tegemea gesti za kawaida au nyumba za wageni za misheni, na piga simu kabla.

Maji, chakula na upepo

Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, la pili duniani baada ya Baikal; Nyasa hufika mita mia saba. Kwa muogeleaji tofauti hiyo haina maana. Kinachohusu ni kichocho na mamba. Kote kuwili epuka maji yaliyotulia penye matete na penye mdomo wa mto, na uliza wenyeji watoto wao huogelea wapi. Ukirudi nyumbani ukae wiki kadhaa, kisha upime kichocho hata kama huna dalili. Dawa yake ni rahisi, kupuuza ndiko ghali. Chandarua usikiache.

Kula, Kigoma na Karema ni nchi ya dagaa, migebuka na kuhe. Dagaa huvuliwa usiku usio na mbalamwezi kwa mwanga wa taa, kwa hiyo ukitaka kuona ziwa likiwaka taa kama mji, angalia kalenda ya mwezi kabla ya kukata tiketi. Mbalamwezi ikiwa kamili, wavuvi wa dagaa hupumzika. Mchuzi wa migebuka kwa mawese ya Kigoma ni sababu tosha ya kulala usiku wa pili. Liuli utapata mbasa na dagaa wa Nyasa, na ugali wa muhogo.

Upepo unawatofautisha pia. Nyasa kati ya Mei na Agosti hupigwa na upepo mkali wa kusini, mawimbi yakawa kama ya bahari. Kwa Liuli mimi ningekwenda Septemba au Oktoba.

Ukiwa na familia, ukiwa peke yako

Wenye watoto wadogo au wazee: Ujiji, kwa sababu hospitali na hoteli ziko karibu, na safari ya Hifadhi ya Gombe, yenye sokwe, inaweza kuongezwa. Wanandoa wanaotaka kupumzika: Liuli. Mwalimu wa historia, mwandishi, mwanafunzi, Mkatoliki anayetaka kujua imani ilifikaje bara, au yeyote aliyechoka kusomewa historia ya waliopita: Karema, siku tatu angalau, moja ikiwa ya kukaa tu.

Kijiji chochote utakachochagua kati ya viwili vidogo, anzia ofisi ya mtendaji wa kijiji ujitambulishe. Wakubwa waamkie shikamoo kabla ya swali lolote. Usiwapige picha akina mama wanaoanika dagaa bila ruhusa, wala bandari bila kuuliza. Na kama ni Karema, ukishaketi na mzee aliyekubali kuzungumza, usianze na Wabelgiji wala tembo. Muulize kama wazazi wake walitibiwa na Atiman. Watu waliozaliwa kabla ya 1956 bado wapo.